Faili la Miamala ya Mwaka Mzima? Lisome Mstari kwa Mstari

Duka lako likiwa na wateja wengi, faili la miamala ya mwaka mzima hujaa mistari maelfu kwa maelfu. Unalifungua, laptopu inaganda, na bado hujui tarehe 24 Desemba ulikuwa na miamala mingapi.

Mara nyingi shida si laptopu. Kama wewe au kijana anayekuandikia programu mnatumia JavaScript kwenye Node.js, hebu angalieni kama kuna neno `readFile`. Hilo huchukua faili lote na kulijaza kwenye memori kwa mkupuo mmoja, hata kama unataka siku moja tu. Ni kumwaga gunia zima la maharagwe ndio upime gorogoro moja.

Njia nyepesi ni `createReadStream`. Yenyewe huleta faili kama maji ya mfereji, kwa kawaida vipande vya kilobaiti 64, kisha `readline` inavikata kuwa mistari. Kitanzi cha `for await` kinaomba mstari mmoja, kinaumaliza, ndipo kinaomba mwingine. Kitu kinachotoa kimoja kimoja hivyo, kila kinapoombwa, ndicho watu wa programu huita itereta.

Hii hapa, ikiwa tarehe ndiyo safu ya kwanza. Ihifadhi kama `hesabu.mjs`:

```
import fs from 'node:fs';
import readline from 'node:readline';

const mistari = readline.createInterface({
  input: fs.createReadStream('miamala.csv'),
  crlfDelay: Infinity
});

let idadi = 0;
for await (const mstari of mistari) {
  if (mstari.startsWith('2024-12-24')) idadi++;
}
console.log(idadi);
```

Faili liwe la MB 5 au GB 5, memori inayotumika hubaki karibu ile ile. Lakini anza kitanzi mara tu baada ya `createInterface`. Ukichomeka `await` nyingine hapo katikati, mistari mingine inaweza kupotea kimyakimya.

Sasa pesa zenyewe, na hapa uwe macho. Wengi hukata mstari kwa `split(',')`. Kiasi kikiwa kimeandikwa `"1,500.00"`, kile kikoma cha elfu kinakatwa pia: `"1` huku, `500.00"` kule. Ukishaondoa alama za nukuu, mteja aliyelipa shilingi 1,500 anahesabiwa amelipa bob moja! Programu haitalalamika, itakupa tu jumla ya uongo. Tumia maktaba inayoelewa CSV, kama `csv-parse`, ambayo pia inakubali `for await`.

Na kazi hii ifanyie kwenye kompyuta yako. Kuna watu hupandisha faili kwenye tovuti za bure ili zihesabiwe, kumbe ndani mna majina na namba za simu za wateja wao.