Nimevunja Kwaresima, nianzeje tena?

Swali: Mchungaji, shikamoo. Jumatano ya Majivu niliapa kuacha pombe. Wiki ya pili nikanywa, na sasa hata kusali nasitasita: huenda hakuna anayesikia. Niendelee au ningoje mwakani? (Msomaji, Usinge)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usingoje. Petro alimkana Bwana mara tatu, tena usiku uleule alioapa kufa naye. Baadaye akakabidhiwa kondoo. Shaka nayo ipeleke kwenye sala kama ilivyo. Yule baba wa Marko 9 alikiri imani na upungufu wake kwa pumzi moja, na mwanawe akapona.

Hata karibu na kwenu upo mfano wa mwanzo ulioonekana kushindwa: ukipanda treni kwenda Tabora utapita Urambo. Hapo Dakta Southon wa misheni ya London alipokewa na Mtemi Mirambo mwaka 1879. Mwaka 1882 akafa kwa jeraha la risasi ya ajali. Wenzake walihangaika miaka mingi, mavuno haba, hadi Wamoravian walipoipokea kazi mwaka 1898. Nani angebashiri makanisa ya leo?

Sasa, mweleze mzee wa kanisa unayemwamini, leo hii. Aibu iliyofichwa ndiyo huwarudisha watu kilabuni. Na ukiacha pombe ukaanza kutetemeka, nenda zahanati upesi. Hilo si la maombi peke yake.