Ukibadili fataki, umebadili risasi

Msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa Julai, wageni huingia Pori la Akiba Moyowosi, upande wa Kibondo na Kakonko, na wengine hubeba risasi walizojaza wenyewe kwao. Mwindaji bingwa anayewaongoza ataangalia kibali, kaliba na idadi. Aulize na hili: umetumia fataki gani, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi?

Wengi huichukulia fataki kama kibiriti: imewaka au haikuwaka, basi. Lakini fataki huamua pia baruti inashikaje moto. Iliyo kali hutoa mwali mrefu na wa moto zaidi, baruti huwaka kwa haraka, na presha kwenye chemba hupanda mapema. Uzito wa baruti uleule na kichwa kilekile vinaweza kutoa presha inayozidi ya awali kwa maelfu ya psi, kwa sababu ya fataki peke yake. Fataki ya kampuni ya Federal namba 210 ni ya kawaida, namba 215 ni ya magnamu. Zote zina upana uleule na huingia kwenye tundu lilelile, kwa hiyo kosa halionekani kwa macho.

Joto nalo huongeza presha. Risasi iliyopimwa Ulaya wakati wa baridi haitakuwa ileile ikishinda juu ya dashibodi kutoka Kasulu hadi Kibondo mwezi wa Septemba. Rigby, watengenezaji wa bunduki, walilijua hilo: kaliba yao ya .416, ya mwaka 1911, ina ganda pana ili presha ibaki chini kwenye nchi za joto.

Kabla ya kwenda porini

Dai daftari. Kila boksi liandikwe aina ya fataki, baruti, uzito wake na kichwa. Boksi lisilo na maelezo lisiingie kwenye bunduki.

Aliyebadili fataki, hata kwa ya kampuni nyingine ya daraja hilohilo, alipaswa kurudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu cha watengenezaji wa baruti, kisha kupanda taratibu. Kama hakufanya hivyo, atumie risasi za kiwandani.

Fataki ya magnamu haiwekwi ili risasi iende mbali. Kazi yake ni kuwasha baruti nyingi, au ile ngumu kushika moto, ndani ya ganda kubwa.

Risasi zikae kivulini, ndani ya boksi.

Baada ya kulenga shabaha

Okota ganda ulitazame kitakoni. Fataki iliyobapa mpaka ikajaza kingo za tundu, ukingo ulioinuka kuzunguka alama ya pini, masizi meusi pembeni yake, au bolti inayofunguka kwa shida: ukiona dalili hizi, acha kufyatua. Kubapa peke yake hakutoshi kuhukumu, maana kuna fataki laini zinazobapa kwenye presha ya kawaida. Hata hivyo, fataki isiyobapa nayo si hati ya usalama.

Ukifyatua na isilie, usifungue bolti. Elekeza mtutu mahali salama, subiri sekunde 30, ndipo uitoe risasi. Huenda fataki imewasha baruti kwa kuchelewa.

Kwa asiye na leseni

Kutengeneza risasi bila leseni nchini Tanzania ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na kwa anayekata kuni kuzunguka Makere na kambi ya Nyarugusu: ukikuta risasi nzima, kumbuka kwamba fataki yake ndiyo inayongoja kugongwa. Usiigonge, usiitupe motoni, usimpe mtoto achezee. Weka alama pale ilipo, kisha kawaambie polisi.