Somo la Kumi na Mbili: Nyumba ya Mawe na Chokaa

Hapa Gongo la Mboto tunajenga kwa matofali ya saruji. Wazee wa pwani hawakuwa na saruji. Walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nenda mjini, karibu na bandari, utaliona Boma la Kale. Lilijengwa miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid. Lilikarabatiwa, na mwaka 2017 lilifunguliwa liwe kituo cha kuonyesha historia ya majengo ya jiji.

Chokaa hupatikanaje? Mawe ya matumbawe huchomwa kwa moto mkali. Kisha humwagiwa maji, yakageuka unga. Unga huo huchanganywa na mchanga.

Ukuta wa mawe hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhi. Ukipakwa lipu ya chokaa, maji hutoka polepole na ukuta hukauka. Ukipakwa lipu ya saruji, maji hufungiwa ndani. Chumvi hula mawe. Boriti huoza. Kwa nje nyumba inapendeza, kumbe ndani inakufa.

Nyumba iliyochakaa ni hatari. Huko Zanzibar, Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Jengo hilo lilichakaa kwa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa.

Basi wewe fundi, ukiitwa kutengeneza nyumba ya zamani, fanya hivi:

1. Uliza kama nyumba inalindwa na sheria. Kama inalindwa, kibali kipatikane kwanza.
2. Ziba paa linalovuja.
3. Kagua ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani. Hapo ndipo huanza kuoza.
4. Tegemeza dari kwa nguzo kabla ya kutoa boriti mbovu.
5. Paka lipu ya chokaa, si ya saruji.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Wazee wa pwani walijenga kwa vitu gani?
2. Kwa nini saruji huharibu ukuta wa mawe?
3. Boriti huanza kuoza wapi?
4. Je, unaijua nyumba ya zamani inayovuja? Zungumzeni darasani ifanyiwe nini.