Karani Asiyekaa Dukani

Buseresere na Katoro zimeshikana kiasi kwamba mgeni huvuka mpaka wa Wilaya ya Chato na ya Geita bila kujua. Mfanyabiashara anajua. Mwenye duka la vipuri upande wa Katoro na stoo upande wa Buseresere anakabiliana na halmashauri mbili, kila moja na leseni yake ya biashara, kila moja na tarehe yake. Kila asubuhi simu inaita: mwenye karasha ya kusagia mawe ya dhahabu kule Rwamgasa amekatikiwa mkanda, mchenjuaji wa dhahabu anauliza bei ya pampu, fundi anataka picha ya beringi, na Kariakoo wanauliza mzigo upande basi gani. Biashara imekua, lakini yote bado inapita kwenye simu moja na kichwa kimoja.

Hapo ndipo msaidizi wa mbali anapofaa. Ni mtu anayekufanyia kazi za ofisi kwa simu na kompyuta akiwa Mwanza, Geita mjini au hata mtaa wa pili, kwa saa mlizokubaliana. Wazee wetu wangemwita karani. Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 kuwaandaa vijana kwa kazi za mtandaoni, zikiwemo za waajiri wa ng'ambo. Sioni kwa nini ujuzi unaoweza kumhudumia mtu wa London ushindwe kumhudumia mtu wa Buseresere.

Kabla hujamtafuta, chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila jambo linalokutoa kaunta: nani alipiga, alitaka nini, ulimjibu nini. Kazi inayojirudia na yenye jibu lilelile ndiyo ya kumkabidhi: kutaja bei, kutuma picha, kufuatilia mzigo, kukumbusha wadaiwa, kuingiza mauzo ya siku kwenye jedwali. Kumkopesha nani, na mteja wa zamani apunguziwe kiasi gani, hayo yabaki kwako.

Nalisisitiza daftari kwa sababu wengi huchukua msaidizi wakiwa tayari wamechoka, wakamwambia tu "nisaidie na simu". Mwezi unaisha, mshahara unatoka, na hakuna anayeweza kusema kilichofanyika. Kijana aliyeko dukani hujifunza kwa kukutazama. Aliyeko Mwanza haoni uso wako, anaona ulichoandika. Basi mwandikie wazi: bei ya mwisho ya mkanda huu ni hii, mteja akitaka chini ya hapo nipigie, nisipopokea mwambie asubiri hadi saa 10 jioni. Ukurasa mmoja wa namna hiyo utakuokolea ugomvi mwingi.

Lugha nayo ni sehemu ya kazi. Mama anayeagiza kutoka kijijini huenda akajieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, na akisikia "mwangaluka, mayu" moyo unatulia kabla bei haijatajwa. Kati ya mwenye cheti kizuri cha kompyuta na anayeijua lugha ya wateja wako, mimi ningemchukua wa pili nikamfundisha kompyuta.

Vifaa havihitaji gharama kubwa. WhatsApp Business hukuruhusu kuunganisha vifaa vingine 4 kwenye namba moja ya duka, hivyo msaidizi anajibu kwa namba ileile wanayoijua wateja, na siku mkiachana unamwondoa kutoka kwenye simu yako mwenyewe. Laini ibaki mikononi mwako, imesajiliwa kwa jina lako.

Kwenye pesa, kuwa mkali. Namba ya siri ya M-Pesa, ya Airtel Money au ya benki haipewi msaidizi, hata akiwa mtoto wa dada yako. Wateja walipe kwa Lipa Namba ya duka. Kwa kuwa meseji bandia za malipo zipo, picha ya muamala iliyotumwa na mteja isihesabiwe kuwa malipo: mzigo hautoki stoo mpaka wewe, au mtu wa kaunta uliyemteua, athibitishe kuwa pesa imeingia.

Mpe pia kalenda ya tarehe za serikali. Leseni za biashara za halmashauri huisha kila mwaka na huombwa kwa mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Ukiwa na kampuni, kuna taarifa ya mwaka ya BRELA. Ukiwa na leseni ndogo ya uchimbaji, muda wake ni miaka 7, lakini ada yake ni ya kila mwaka. Akukumbushe siku 60 kabla, kisha siku 30.

Orodha ya wateja yenye majina, simu na namba za NIDA si mali ya kusambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakugusa wewe mwenye biashara pia. Mpe msaidizi zile taarifa tu anazozihitaji kwa kazi yake.

Mkubaliane kwa maandishi, na hapa wengi hujikwaa. Kumwita mtu "wa mkataba wa mtandaoni" hakumwondoi kwenye sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa wako, mpaka uthibitishe vinginevyo, ikiwa amekufanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 2 kwa siku, siku 26, tayari ni saa 52. Ukifika hapo, kaa na afisa kazi na watu wa NSSF mjue michango na haki zake zikoje. Anayekulindia jina la duka anastahili ulinzi huo.

Anza na mwezi mmoja, kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi, wakati mafundi wanapoagiza. Kila Jumamosi jioni pigianeni simu mkiwa na daftari: kazi ipi imerudi kwako bila sababu, na ipi ulimkabidhi mapema mno.