UNAUZA SAMAKI WA BETA? PIMA KASI YA MAJI KWANZA

Wauzaji wenzangu wa samaki wa mapambo, leo somo letu ni filta.

Wengi tunauza kwa WhatsApp na Instagram. Mteja anaona picha ya beta mwenye mapezi marefu, anampenda, analipa, boda anapeleka. Baada ya wiki inaingia meseji: "Samaki wako mgonjwa. Anajificha tu na mapezi yamechanika. Nirudishie hela yangu." Ukimrudishia, faida ya samaki kadhaa imeondoka. Ukikataa, anakusema kwenye magrupu. Kabla hujafika huko, muulize swali moja: filta yako inasukuma maji kwa nguvu kiasi gani?

Beta ni samaki wa maji tulivu

Asili yake ni Thailand na nchi za jirani, kwenye madimbwi, mifereji na mashamba ya mpunga, mahali penye mimea mingi na maji yanayokwenda taratibu. Yule wa porini ana mapezi mafupi. Hawa tunaouza wamezalishwa kwa kuchaguliwa vizazi na vizazi mpaka mapezi yakawa marefu. Kumweka kwenye mkondo mkali ni kama kumwambia mtu aogelee baharini akiwa amevaa dera.

Kingine, beta hupanda juu kuvuta hewa, maana ana kiungo maalumu kichwani cha kupumulia hewa ya kawaida. Kama juu kunachemka kwa nguvu ya filta, kila pumzi anaipigania. Akichoka hali vizuri, na samaki aliyechoka ni rahisi kupata maradhi.

Basi tuitoe filta?

Hapana. Wapo wauzaji wanaomwambia mteja, "Beta anavuta hewa ya juu, hahitaji filta." Ni kweli anavuta hewa ya juu, ila bado anaishi ndani ya uchafu wake. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Ndani ya sponji ya filta wanaishi bakteria wanaoibadilisha sumu hiyo. Kwa hiyo filta ibaki. Tunachopunguza ni kasi ya maji.

Jinsi ya kujua kasi imezidi

1. Dondosha punje moja ya chakula juu ya maji. Ikizungushwa tangi zima au ikizamishwa na mkondo, kasi ni kubwa. Ikielea na kusogea polepole, uko vizuri.
2. Mtazame samaki. Anasukumwa? Anabana mapezi? Anakaa kona moja au nyuma ya jani muda wote? Mapezi yananaswa penye mdomo wa filta unaovuta maji?
3. Piga hesabu. Urefu × upana × kimo cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1,000, unapata lita. Tangi la 40 × 25 × 20 ni lita 20. Sasa angalia boksi la filta. Ikiandikwa 400 L/H, maka yake ni lita 400 kwa saa, yaani maji yanazunguka mara 20 kila saa. Kwa beta mimi hulenga mara 4 hivi.

Namna ya kupunguza kasi

• Filta ya sponji inayotumia pampu ya hewa ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Weka koki ndogo ya plastiki kwenye mpira wa hewa, uifunge taratibu mpaka mapovu yawe machache lakini yasikatike.
• Filta ya kuzamisha: geuza mdomo wa kutolea maji uelekee kioo, ili mkondo ugonge hapo na kupoa.
• Filta ya kuning'inia ukingoni: ongeza maji kwenye tangi yasidondoke kutoka juu sana, kisha weka kipande cha sponji safi isiyo na dawa pale yanapotokea.
• Mdomo unaovuta maji uvalishe sponji, mapezi yasinaswe. Lakini usiuzibe kwa makusudi ili kupunguza kasi, pampu itateseka. Kasi ipunguzie upande wa kutolea.
• Panda mimea karibu na mkondo. Beta anapata pa kupumzika.

Sponji ikijaa uchafu, isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yenye klorini yanaua wale bakteria, na unaanza upya.

Umeme nao

Mwambie mteja asizime filta usiku ili apate utulivu au kuokoa umeme. Bakteria wanahitaji maji yenye oksijeni yapite muda wote. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, asuuze sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha tena. Pampu ya hewa ikae juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwenye mpira na kumwagika sebuleni kwake.

Sasa upande wa biashara

Kabla ya kupokea hela, uliza maswali matatu: Tangi lako ni la lita ngapi? Unatumia filta gani? Naomba video ya sekunde 20 ikiwa inafanya kazi. Video hiyo itakuonyesha mengi kuliko maelezo marefu.

Uza kwa seti: samaki, filta ya sponji, koki na kipande cha mpira. Mteja anapata kitu kinachofanya kazi, wewe unaongeza mauzo bila kumlazimisha.

Halafu tuma ujumbe huu pamoja na mzigo, unaweza kuunakili:

"Asante kwa kununua. Filta iwake muda wote, ila kwa kasi ndogo. Jaribu kwa punje ya chakula: ikikimbia, punguza koki. Samaki akijificha au mapezi yakichanika, nitumie video mapema, tusaidiane."

Mteja akituma video mapema, mara nyingi unamaliza tatizo kwa kumwelekeza tu, bila kurudisha hata senti. Na samaki wake akiishi, marafiki zake watamuuliza alinunua wapi.

Hifadhi somo hili, mtumie na muuzaji mwenzako. Biashara njema!