SOMO: NANI ANASTAHILI NISHANI?



Hapa Bendera kila mutu anajua habari ya tarehe 29 Juni 1965, wakati wapiganaji na Wakuba wa Che Guevara waliposhambulia kituo cha umeme cha mto Kiyimbi. Vita vinasimuliwa mpaka leo. Lakini ukiuliza nani alipasua mwamba, nani alifunga mashini zinazogeuza maji kuwa umeme, watu wananyamaza. Kwa hiyo tumechagua somo hili: katika jeshi, kazi ya fundi inapimwa namna gani, na heshima yake inakwenda kwa nani? Mifano miwili tutaitoa katika ziwa letu Tanganyika.

1. Mashua mbili juu ya milima

Mwaka 1915 Wadachi walikuwa na nguvu ziwani. Waingereza wakaleta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa metre 12 hivi. Kutoka Cape Town zilipanda gari la moshi hadi Fungurume, hapa Katanga. Hapo reli iliisha. Mbele yao kulikuwa pori na milima ya Mitumba, zaidi ya kilometre 200 mpaka Sankisia.

Walianza mwezi wa Agosti, wakafika mwisho wa Septemba. Walikuwa na matrekta mawili ya mvuke na ngombe wengi. Njia ilikatwa katika miti, na madaraja zaidi ya 100 yakajengwa. Pale trekta iliposhindwa kupanda, walifunga kamba na makapi kwenye miti. Tulijifunza katika fizika: kamba ikipita katika makapi mengi, uzito unagawanyika, nguvu ndogo inainua mzigo mkubwa. Na maji ya matrekta yalipokosekana, wanawake wa vijiji waliyaleta kwa vichwa vyao. Bila maji yale, mvuke hakuna, na mashua zingebaki porini.

Mwezi wa Desemba mashua zikaingia majini ku Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zikakamata meli ya Wadachi, Kingani. Mkubwa wa safari, Spicer-Simson, alipewa nishani ya DSO. Hatusemi hakustahili. Tunasema hivi: mapigano yalichukua muda mufupi, lakini njia ilichukua majuma sita. Na bwana John Lee, aliyeleta wazo hilo ku London na kupima njia, aliondolewa katika safari mbele ya kufika ziwani.

2. Fundi aliyepaka mafuta

Upande wa pili, ku Kigoma, kulikuwa meli kubwa Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande-vipande, ikaletwa katika masanduku 5.000 hivi. Mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakaiunga tena pamoja na wafanyakazi wengi Waafrika.

Mwaka 1916 Wadachi walipokimbia, amri ilitoka ya kuizamisha. Jeshi ni amri; meli ilizamishwa tarehe 26 Julai. Lakini mbele ya hapo mafundi walipaka mashini mafuta mazito, ili kutu isizile. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, kumbe mashini ingali nzima! Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Na mwezi wa Mei 2015, miaka mia moja kiisha kuundwa, ilibeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Mafuta yale ya mwaka 1916 yalisaidia watoto ambao wazazi wa wazazi wao walikuwa hawajazaliwa.

3. Tunajifunza nini?

Kwanza, kazi ya fundi ipimwe kwa muda inayodumu, si kwa kelele yake. Bunduki inasikika siku moja. Daraja linasikika pale tu linapovunjika.

Pili, nishani inavaliwa kwenye kifua cha mutu mmoja, lakini kazi ni ya wengi. Anayeandika orodha ya heshima aanze kuuliza: nani alikata mti, nani alibeba maji?

Tatu, jina lisipoandikwa mapema, linapotea. Waliovuta mashua zile wanatajwa mara nyingi kwa neno moja tu: wapagazi. Sisi wa mwaka wa mwisho tutatoka karibuni, wengine kwenda ufundi, wengine pengine jeshini. Siku utakapokuwa mkubwa wa kazi, shika daftari na uandike majina yote.

Maswali ya kujibu kilasini

1. Kama ungekuwa na nishani tatu tu kwa safari ya Mimi na Toutou, ungempa nani? Eleza sababu.
2. Mafundi wa Götzen walitii amri, tena wakaokoa mashini. Je, hayo mawili yanapatana?
3. Uliza wazee wa nyumbani: nani wa jamaa yako alijenga barabara, daraja au kituo hapa kwetu? Leta jina lake limeandikwa.