Kudai Deni Mahakamani kwa Simu

Mama muuza nafaka anamdai mwenye hoteli Sh80,000. Nauli ya kwenda kortini kila mara itamla faida yote. Afanye nini?

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni: deni la bidhaa au huduma, mali iliyoharibiwa, fidia ya majeraha. Si lazima kuwa na wakili. Kisheria, kesi yapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Hatua za kufuata:

1. Tunza ushahidi: risiti, jumbe za M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp. Usifute chochote.
2. Fungua akaunti kwenye mfumo wa Idara ya Mahakama wa kuwasilisha kesi mtandaoni. Ulisambazwa nchini kote Machi 2024.
3. Jaza dai, pakia stakabadhi, lipa ada kwa simu.
4. Hakikisha mdaiwa amepelekewa hati za kesi, na uweke uthibitisho.
5. Fuatilia tarehe ya kusikilizwa. Kikao chaweza kufanywa kwa video.

Asiye na simu ya intaneti afike kwenye sajili ya mahakama aombe usaidizi.

Usikawie. Dai la mkataba hupitwa na wakati baada ya miaka 6.